Jinsi ya kuwa mthamini wa mali mwenye leseni Mombasa: mwongozo kamili

Mwenye nyumba ya vyumba sita Majengo anataka kujua nyumba yake ni ya thamani gani. Kuta ni za mawe, mabati yamebadilishwa juzi, na wapangaji wamejaa. Dalali wa mtaa atakutajia bei kabla chai haijapoa. Mthamini hatataja hata shilingi mpaka ajue ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ni ya nani, na Mombasa mara nyingi ni ya mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo kazi ya mthamini inapoachana na kazi ya dalali. Kinachothaminiwa ni haki ya mtu juu ya mali. Mawe na mabati huja baadaye. Miaka sita au saba ya masomo, mafunzo na mitihani ni ya kukufikisha mahali ambapo unaweza kuandika tarakimu, ukaitia sahihi, kisha ukaitetea mbele ya wakili anayelipwa ili aibomoe.

Kwanza jua unaingia kazi gani

Uthamini Kenya unaongozwa na Sheria ya Wathamini, Sura ya 532. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini, inayojulikana kwa kifupi VRB. Kufanya kazi hii kwa malipo bila kusajiliwa na Bodi ni kosa la jinai. Pembeni ya Bodi kuna chama cha kitaaluma, ISK (Institution of Surveyors of Kenya), chenye matawi ya fani mbalimbali za ardhi, na tawi la uthamini ndilo lako. Chama kinakulea na kukupima, Bodi inakupa ruhusa ya kufanya kazi. Wengi huchanganya hivi viwili, wakapeleka karatasi za Bodi kwa chama na za chama kwa Bodi.

Kuna fani nyingine nne ambazo watu huzitia kapu moja na hii. Wakala wa nyumba na ardhi yuko chini ya Sura ya 533 na ana bodi yake. Mpimaji ardhi, yule wa bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) na ramani, yuko chini ya Sura ya 299. Mkadiriaji wa gharama za ujenzi yuko chini ya Sura ya 525 pamoja na wasanifu majengo. Mpangaji miji naye ana bodi yake. Kila mwaka kuna vijana wanaojiandikisha kusoma upimaji wakidhani utawafikisha kwenye uthamini, wakaja kugundua mwaka wa tatu. Soma jina la kozi mara mbili kabla hujalipa.

Shahada

Unahitaji angalau alama ya C+ kwenye KCSE ili uingie chuo kikuu, na hisabati yako isiwe ya kubahatisha. Shahada inayotafutwa ni Bachelor of Real Estate, ya miaka 4. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeifundisha muda mrefu, na wazee wa kazi waliisoma kwa jina la Land Economics, kwa hiyo usishangae ukiona jina hilo kwenye vyeti vya bosi wako. Kwa kijana wa Mombasa maana yake ni kwamba huenda ukahamia bara kwa miaka hiyo minne. Weka hesabu ya makao na chakula mapema, na uombe mkopo wa HELB kwa wakati.

Kabla ya kukubali nafasi ya chuo chochote, iandikie Bodi barua au baruapepe, uulize kama shahada hiyo ya chuo hicho inatambuliwa kwa usajili. Uliza kwa maandishi na jibu ulihifadhi. Shahada ya biashara yenye somo moja au mawili ya majumba haitakupeleka popote, hata kama kijitabu cha chuo kinasema vinginevyo.

Mwenye stashahada anaweza kuajiriwa kama fundi wa uthamini, akafanya ukaguzi na hesabu, ila ripoti itatiwa sahihi na mwingine. Akitaka leseni yake mwenyewe atalazimika kurudi darasani.

Chuoni kuna masomo mawili yatakayokulisha maisha yako yote: hisabati ya thamani ya fedha kwa wakati, na sheria ya ardhi. Chukua mali inayoingiza shilingi 1,000,000 kwa mwaka baada ya gharama zote, na soko linalotaka faida ya asilimia 8. Ikiwa ni ya umiliki wa kudumu, gawanya kwa 0.08, upate milioni 12.5. Ikiwa ni ya ukodishaji uliobakiza miaka 30, unazidisha kwa 11.26, kizidishi cha miaka 30 kwa asilimia 8, na thamani inakuwa kama milioni 11.26. Ukiwa umebaki miaka 15, kizidishi ni 8.56, yaani milioni 8.56. Jengo ni lile lile na kodi ni ile ile. Mwanafunzi anayeweza kueleza hesabu hii kwa mtu wa sokoni Kongowea, bila kikokotoo mkononi, yuko tayari kuanza kazi.

Miaka ya mafunzo, na daftari lake

Ukimaliza shahada, jiunge na ISK kama mwanachama mhitimu mara moja. Usingoje upate kazi kwanza, kwani muda wa mafunzo huhesabiwa ukiwa umeandikishwa. Halafu tafuta mthamini aliyesajiliwa atakayekubali kukusimamia kwa miaka miwili hivi. Mombasa nafasi zipo katika ofisi za binafsi kisiwani na Nyali, kwa wathamini wa serikali walio chini ya wizara ya ardhi, katika kaunti, na katika idara za mikopo za benki. Hakikisha kwenye orodha ya Bodi kwamba huyo msimamizi ana cheti cha mwaka huo. Akiwa amesajiliwa lakini cheti hakijahuishwa, miezi yako inaweza kukataliwa.

Daftari la mafunzo ndilo linalowakwamisha watu. Lijaze kila Ijumaa na msimamizi alitie sahihi kila mwezi. Anayelijaza lote wiki moja kabla ya kulipeleka hujulikana: wino wa rangi moja, maneno yale yale, na kazi tatu za Likoni, Mtwapa na Changamwe zilizofanywa siku moja. Mkaguzi wa daftari anazijua foleni za feri.

Kosa lingine ni la daftari lenye kazi za aina moja. Ofisi nyingi huishi kwa kazi za mikopo ya benki, na kijana anaweza kupiga picha za fleti za Bamburi miaka miwili bila kugusa kitu kingine. Mwambie msimamizi mapema kwamba unahitaji angalau kazi moja moja ya aina hizi: nyumba ya kuishi, jengo la kupangisha, ghala au kiwanda kule Shimanzi au Changamwe, hoteli ya ufuoni au kituo cha mafuta, kiwanja kitupu cha kujengwa, shamba, fidia ya ardhi iliyotwaliwa na serikali, na mirathi. Akisema hana, omba uende siku chache kwenye ofisi nyingine. Wathamini wa Pwani wanajuana, na ombi la heshima halikataliwi sana.

Mtihani, mahojiano, cheti

ISK itakupima kwa mtihani wa umahiri kabla ya kukupandisha kuwa mwanachama kamili. Ukishapanda, unaomba usajili kwa Bodi ukiwa na vyeti vya shule na chuo, ushahidi wa uanachama, barua za wasimamizi na ripoti ulizozifanyia kazi. Chagua ripoti unazozijua hadi mfupani. Mtu huleta ripoti ya hoteli kubwa ili aonekane mkubwa, akaulizwa vyumba vilijaa kwa asilimia ngapi mwezi wa Juni, akabaki anatazama dari. Ripoti ya nyumba ya kawaida uliyoikagua mwenyewe ina nguvu zaidi.

Maswali yanayopendwa ni ya aina ya "kwa nini". Kwa nini asilimia 8 wala si 9? Kwa nini umeiacha mali hii ya kulinganisha ukachukua ile? Kama mteja angekuwa upande wa pili, tarakimu ingebadilika? Jibu la "bosi wangu hufanya hivyo" limewarudisha wengi nyumbani.

Ukisajiliwa umesajiliwa, ila cheti cha kufanyia kazi ni cha mwaka na kinahuishwa kwa ada na kwa ushahidi kwamba umeendelea kujifunza kitaaluma. Tia alama kwenye kalenda mwezi wa Novemba. Ripoti iliyotiwa sahihi Januari na mtu ambaye cheti chake kilikufa Desemba benki huirudisha, na mteja hatakusamehe.

Kazi moja, kuanzia simu hadi sahihi

Huku ndiko leseni inakotumika, na huku ndiko Mombasa inakotofautiana na Nairobi.

Anza na barua ya maagizo. Iseme mteja ni nani, mali ni ipi, thamani inatakiwa kwa ajili gani na kwa tarehe ipi. Thamani ya soko, thamani ya bima na thamani ya mauzo ya lazima ni tarakimu tatu tofauti za mali moja. Ya bima haihesabu ardhi, kwa sababu ardhi haiungui. Ya mauzo ya lazima, kwa kazi za mikopo Kenya, mara nyingi huwekwa asilimia 75 ya bei ya soko, na kuna sababu: kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinadhania kwamba benki imekiuka wajibu wake ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mpaka ithibitishe vinginevyo. Na kwa mnada, bei ya chini inayowekwa lazima itokane na uthamini usiozidi miezi 12. Jua hivyo kabla ya kumwambia mtu wa benki kwamba ripoti yake ya mwaka juzi bado inafaa.

Hatua ya pili ni karatasi. Usiende kwenye kiwanja kabla hujafanya sachi, yaani upekuzi wa rejista, kwenye ofisi ya ardhi na kupata nakala ya ramani ya upimaji. Namba ya hati yenyewe inakusimulia mengi. Hati za zamani za Pwani zina namba ya CR, ya rejista ya Mombasa. Kisiwani utaona namba za bloku. MN ni bara ya kaskazini, MS ni bara ya kusini, na kila moja ina sehemu zake kwa tarakimu za Kirumi. Kiwanja cha Mtwapa kiko Kilifi, cha Diani kiko Kwale, kwa hiyo ushuru wake hauulizwi Mombasa, ingawa dalali atakuambia "ni Mombasa tu hapo".

Kwenye sachi tafuta mambo haya: jina, aina ya umiliki, miaka iliyobaki, rehani, zuio la mahakama, na masharti maalumu. Mgeni asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ilisema hivyo, na hati zake za umiliki wa kudumu zikageuka kuwa za ukodishaji wa miaka 99 kuanzia siku ya Katiba kuanza kutumika. Majumba mengi ya ufuoni yamo katika hali hiyo, na wauzaji bado wanayatangaza kuwa ya kudumu. Upande wa pili, ukodishaji unapoisha, Sheria ya Ardhi inampa nafasi ya kwanza mmiliki aliye raia. Nafasi hiyo ina thamani, ila si sawa na hati iliyokwisha kuongezwa muda. Ripoti iseme waziwazi ni ipi kati ya hizo mbili.

Kisha vipimo. Ploti ya "hamsini kwa mia" ni futi za mraba 5,000. Sehemu ya nane ya ekari ni 5,445. Watu huziita kitu kimoja, na tofauti ni asilimia 8 hivi. Hati nayo huandika hekta: ikisema 0.0450 una mita za mraba 450, yaani pungufu ya 465 za hamsini kwa mia na ya 506 za nane ya ekari. Fanya kazi kwa hati, si kwa mdomo.

Ukaguzi

Nenda asubuhi, kabla jua halijakukimbiza. Beba ramani ya upimaji, futi ya leza na ya mkono, simu yenye ramani, tochi, daftari na kalamu mbili. Tafuta bikoni kwanza. Zisipoonekana, andika hivyo na ushauri mpimaji aitwe. Usikisie mpaka kwa ukuta wa jirani. Ukuta ulioingia mita moja na nusu kwenye kiwanja chenye upana wa mita 15 umekula sehemu moja ya kumi ya mali.

Ndani ya nyumba, adui wa Mombasa ni chumvi. Zege lililochanganywa na mchanga wa baharini huzishambulia nondo kutoka ndani, nondo huvimba kwa kutu, na zege linabanduka. Tazama chini ya baraza za ghorofani na pembeni mwa ngazi. Mstari wa rangi ya kahawia chini ya sakafu ya juu ni dalili. Gonga lipu kwa ufunguo: ikilia kama kopo tupu, imeachana na ukuta. Rangi mpya upande mmoja tu wa jengo ina sababu, na sababu hiyo ndiyo unayoitafuta. Kuta za mawe ya matumbawe zenyewe huvumilia sana, ila zinavuta unyevu zikikosa zuio la maji kwenye msingi.

Uliza maji yanatoka wapi. Mji huu hupata maji kutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na visima vya Tiwi, na mgao ni jambo la kawaida. Kisima kilicho ndani ya kiwanja kinaweza kuwa cha maji ya chumvi, kwa hiyo onja, au kwa ustaarabu muombe mlinzi akuambie wanapikia maji gani. Uliza choo kinaenda wapi pia, kwani sehemu kubwa ya mji hutumia mashimo. Kwa fleti za wapangaji wengi, shimo dogo ni gharama ya gari la kunyonya kila mwezi, na gharama hiyo inaingia kwenye hesabu yako.

Mji wa Kale una mambo yake. Dari za boriti za mikoko hufanya vyumba viwe vyembamba, upana wa chini kidogo ya mita 3, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Ni eneo la hifadhi, kwa hiyo mnunuzi hawezi kubomoa na kupandisha ghorofa nane, na thamani ya ujenzi mpya haipo hata kama kiwanja kiko hatua chache kutoka barabarani. Mali nyingine huko na kwingineko ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Unaweza kuthamini kodi yake au haki ya mpangaji wake, basi. Ukiandika bei ya soko ya kuuzia mali ya wakfu, umeandika thamani ya kitu kisichouzika.

Sasa turudi Majengo. Mazungumzo kwenye baraza huenda hivi:

"Mama, shikamoo. Nyumba hii na ardhi yake ni zako zote mbili?"

"Marahaba mwanangu. Nyumba ni yetu, aliijenga marehemu. Ardhi twalipa."

"Mwalipa kwa nani, na risiti zipo?"

"Zipo, lakini za zamani. Siku hizi hatumuoni mtu."

Katika maneno hayo una kazi nzima. Huu ni mfumo wa nyumba bila ardhi, uliokolea Pwani. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya ukanda wa pwani wajitokeze waandikishwe. Waliojitokeza wakapata hati, wasiojitokeza wakakosa, na vizazi vya watu vikajenga juu ya ardhi yenye jina la mwingine, wakilipa kodi ya ardhi. Mthamini hapa huthamini jengo peke yake, kwa gharama ya kulijenga upya ukiondoa uchakavu. Kwa mfano wa hesabu tu: mita za mraba 120 kwa shilingi 28,000 kila mita ni 3,360,000, uchakavu wa asilimia 40 unabakisha 2,016,000. Kisha andika kodi ya ardhi inayolipwa, risiti ya mwisho ni ya lini, na kwamba mkaaji hana hati. Benki nyingi hazitakopesha juu ya nyumba kama hiyo, na mama aelezwe kabla hajalipa ada yako. Ila siku barabara au bomba likipita hapo, jengo hilo lina fidia yake, na risiti zile za zamani zina uzito. Mwambie azitie kwenye mfuko wa plastiki.

Hesabu

Mbinu ya kulinganisha ndiyo ya kila siku. Ugumu ni kupata bei za kweli. Bei iliyoandikwa kwenye karatasi za uhamisho mara nyingine imepunguzwa ili ushuru wa stempu upungue. Ushuru huo ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Bei ya tangazo nayo imepandishwa ili ishushwe. Uliza wanunuzi, mawakili, na madalali wawili wasiojuana. Kiwanja cha pili cha mstari kutoka baharini hakilinganishwi na cha mstari wa kwanza, na cha Likoni hakilinganishwi na cha Nyali kwa sababu ya kuvuka kwa feri tu.

Sahihisha kwa kipimo kimoja, si kwa jumla. Kiwanja cha robo ekari kando ya lami kimeuzwa 9,000,000: ni 36,000,000 kwa ekari. Chako kiko ndani kwenye barabara ya mchanga, na soko la hapo hupunguza asilimia 15: 30,600,000 kwa ekari. Chako ni ekari 0.20, basi 6,120,000. Anayepunguza asilimia 15 kwenye milioni 9 halafu akasahau ukubwa huandika 7,650,000 na kuipotosha benki kwa milioni moja na nusu.

Kwa jengo la kupangisha, tumia kipato. Fleti 12 za shilingi 25,000 ni 300,000 kwa mwezi, 3,600,000 kwa mwaka. Ondoa asilimia 10 ya vyumba vitupu na wasiolipa: 3,240,000. Ondoa asilimia 22 ya usimamizi, mlinzi, maji, ushuru na ukarabati, yaani 712,800: zinabaki 2,527,200. Gawanya kwa asilimia 8, thamani ni 31,590,000. Gawanya kwa asilimia 7, ni 36,100,000 na ushei. Asilimia moja imehamisha milioni nne na nusu. Ndiyo maana ukiulizwa umetoa wapi asilimia yako, lazima uwe na majengo matatu yaliyouzwa karibuni ambayo umeyapigia hesabu ya kurudi nyuma, yaani kipato chake ukikigawanya kwa bei yaliyouzwa. Na usichukue kodi za nyumba za wageni wa Agosti na Desemba ukazizidisha kwa 12.

Hoteli na vituo vya mafuta huthaminiwa kwa biashara yake, kwa vitabu vya hesabu vya miaka mitatu hivi. Kwa fidia ya ardhi inayotwaliwa na serikali, kazi ambayo Pwani imeiona sana wakati wa reli mpya na barabara ya Dongo Kundu, kanuni za 2017 zinaongeza asilimia 15 juu ya thamani ya soko kwa usumbufu. Hesabu pia mimea. Mnazi unaozaa na mche wa mnazi si kitu kimoja, kwa hiyo hesabu mti mmoja mmoja na mwenyewe atie sahihi kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Ripoti, na yule atakayekuomba uipandishe

Ripoti iseme tarehe ya ukaguzi na tarehe ya thamani, msingi wa thamani, ulichokiona na usichoweza kukiona, bei ulizolinganisha, hesabu zako na dhana zako. Kama chumba kilikuwa kimefungwa, kitaje. Picha ziwe pamoja na ya barabara inayoingia na ya majirani pande zote.

Mkopaji atakupigia: "Bosi, nipandishie kidogo, mkopo usipungue." Mteja wako katika kazi ya mkopo ni benki, hata kama ada inatoka mfukoni mwa mkopaji. Jibu fupi linatosha: alete bei za mauzo ulizozikosa, nawe utazitazama. Mwingine atakuja na ripoti iliyokwisha kuandikwa na kijana asiyesajiliwa, anataka muhuri wako tu kwa elfu chache. Siku mkopo ukifa, kijana hataitwa mahakamani. Utaitwa wewe, na utaulizwa rangi ya geti la nyumba ambayo hukuwahi kuifikia.

Ukitaka ofisi yako

Kaa kwanza miaka miwili au mitatu chini ya mwingine baada ya kusajiliwa. Kisha andikisha biashara, pata PIN ya KRA ya biashara, kibali cha kaunti, na bima ya dhamana ya kitaaluma. Benki hazitakutia kwenye orodha yao bila bima hiyo, na nyingi zinaangalia kiwango chake. Mapato ya mwaka yakifika shilingi milioni 5, jiandikishe kwa VAT ya asilimia 16. Wateja wakubwa watakukata asilimia 5 ya ada kama kodi ya zuio, kwa hiyo dai vyeti vya makato yao, vinginevyo utaulipa mara mbili ushuru huo huo. Ada zina jedwali lake chini ya sheria. Benki zitakubembeleza ushuke, na kabla hujakubali piga hesabu ya feri, mafuta, sachi na nusu siku ya kijana wako.

Faili zako zitunze miaka saba au zaidi, kwa sababu madai ya mkataba huweza kuletwa hadi miaka 6 baadaye. Ziweke nakala mbili, moja nje ya ofisi, na pamoja na ripoti iliyochapwa weka kurasa za daftari la ukaguzi zilivyo, na michoro yake ya mkono na jasho lake.